Saa ya cheni asubuhi inazunguka mkononi, saa tisa mchana inabana. Tatizo ni cheni, saa au mkono wangu?

#1 MkonoMwembamba
Wakuu salaam. Nina saa ya otomatiki, bodi 42.5 mm, cheni ya chuma, nafasi ya mkanda 22 mm. Naipenda. Shida ni hii: nikitoka Tabata alfajiri inacheza mpaka uso unaangalia chini, kila nikitaka kujua saa naizungusha kwa mkono wa pili. Ikifika saa tisa mchana, ofisini AC inawaka siku za kuhesabu, joto tupu, saa inabana na kuacha alama za pingili kwenye ngozi. Fundi akitoa pingili moja, inabana kutwa. Akiirudisha, inacheza. Kifundo changu ni sm 16, nimepima kwa futi ya fundi cherehani.

Nibadili cheni, niweke ngozi, mpira, au niuze? Naomba majibu ya waliovaa, siyo waliosikia.

#2 Babu Ilala
Sm 16? Huo ni mkono au mpini wa mwiko? Kula kwanza, mambo ya cheni baadaye.

#3 PiniYaSpringi
Mleta mada, mimi ni fundi saa, meza yangu ipo Kariakoo. Kabla hujauza, fungua loki uiangalie kwa pembeni. Utaona vitundu vidogo vimepangana. Humo ndimo pini ya springi inapokaa. Ukiisogeza kitundu kimoja unapata mm mbili hivi, wakati pingili nzima ni kama mm 8. Mafundi wengi tunakimbilia kutoa pingili kwa sababu mteja amesimama juu ya kichwa chetu. Anayejua kazi anatoa pingili kwanza, halafu anamalizia kwenye vitundu.

Baadhi ya cheni zina nusu pingili pia, fupi kuliko wenzake. Muulize fundi wako kama yako inayo.

Kama utajaribu mwenyewe nyumbani: ndani ya pingili kuna mishale imechorwa. Pini inasukumwa kutoka kwa kufuata mshale, inarudishwa kinyume chake. Na cheni nyingi za Kijapani zina kibomba kidogo mno ndani ya tundu, ndicho kinachoikaba pini. Kikidondoka kwenye zulia hukioni tena, na bila hicho pini haishiki. Tandika kitambaa cheupe.

#4 Nesi wa Mbali
Fundi kasema vizuri lakini mimi naona tatizo ni mwili wa mleta mada. Mikono inavimba kidogo mchana, hasa penye joto: mishipa inatanuka, maji yanajikusanya vidoleni na kwenye kifundo. Chumvi nyingi inaongeza. Ujauzito unaongeza zaidi. Pete ya ndoa inayobana jioni ni habari hiyo hiyo. Sasa cheni ya chuma haitanuki. Kwa hiyo hata ukipata kitundu sahihi cha asubuhi, mchana si sahihi.

#5 Chakubanga_wa_Moro
Dada, na mimi ninaishi Morogoro, joto lipo, saa yangu haibani. Tatizo ni saa kubwa. 42.5 kwa mkono wa sm 16 ni sinia juu ya kikombe.

#6 Rula na Penseli
#5 si kweli, au tuseme ni nusu ya kweli. Upana wa bodi hausemi kitu. Kinachosema ni urefu kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini (masikio ni zile pembe nne ambazo pini ya mkanda inakaa katikati yake). Kuna saa za 42 ambazo masikio yake yamejikunja na hazizidi mm 46, na kuna saa za 39 zenye masikio marefu yaliyonyooka zinavuka 48. Hizo za pili ndizo zinaning'inia nje ya mkono.

Mleta mada, weka rula juu ya kifundo, pima ile sehemu bapa tu. Kisha pima saa sikio hadi sikio. Lete namba.

#7 MkonoMwembamba
Nimepima. Mkono sehemu bapa mm 52. Saa mm 46. Babu Ilala, mwiko nimeuona, ahsante.

#8 Rula na Penseli
Basi saa inakaa. Chakubanga, sinia limeingia.

#9 Chakubanga_wa_Moro
Linaingia lakini bado linazunguka! Hujajibu kwa nini linazunguka.

#10 Kichwa Kizito
Nijibu mimi. Inazunguka kwa sababu uzito wote uko juu. Mashine ya otomatiki ina rota (kile kipande kizito kinachozunguka ndani na kuitia saa ufunguo), bodi ni chuma kinene, kioo kinene, halafu cheni nyingi za kiwandani zimetengenezwa kwa bati lililokunjwa, ndani zina uwazi. Kichwa kizito, mkia mwepesi, lazima kiangukie upande. Tafuta cheni yenye pingili za chuma kigumu mpaka zile mbili za mwisho zinazogusana na bodi. Itaongeza uzito ndiyo, ila uzito utagawanyika na saa itatulia.

Huwa nashangaa watu wanaosema saa nyepesi ndiyo raha. Uzito usiumize, ujae mkononi.

#11 Bodaboda Mbezi
Kichwa Kizito, njoo uendeshe pikipiki barabara ya vumbi na hiyo saa yako ya kilo. Mimi navaa Casio F-91W, gramu 21, ipo sokoni tangu 1989, sijui kama nimeivaa. Mkono wangu unatetemeka kutwa kwenye hendeli, saa nzito inagonga mfupa huu wa pembeni upande wa kidole kidogo mpaka panakuwa pekundu.

#12 Nesi wa Mbali
Huo mfupa ndio wengi wanakosea. Saa isikae juu yake. Ipandishe kidogo upande wa kiwiko, nyuma ya mfupa. Ukiivaa mbele ya mfupa, ukikunja mkono ule ufunguo wa kurekebishia mishale unachoma mgongo wa kiganja.

#13 Shoto Damu
Ndio maana sisi wa shoto tunaovaa mkono wa kulia hatujui hayo maumivu, ufunguo unaangalia kwenye kiwiko. Na baadhi ya saa za wazamiaji zina ufunguo kwenye saa nne ya uso badala ya saa tatu, ili usichome.

#14 Mjakazi wa Shangani
Assalaam aleikum. Mimi niko Unguja. Naona mnazungumza joto na uzito tu. Sisi tunaosali tunachukua udhu, na saa ikibana lazima uivue maji yafike kwenye ngozi. Ikilegea unaisogeza tu. Kwa hiyo mimi naitaka saa ilegee! Mkanda wa ngozi huku kwetu haudumu, unaloa, unakauka, unaloa, baada ya muda unanuka jasho na chumvi na matundu yanachanika. Nikaweka ile loki ya chuma inayojikunja kama ya cheni lakini kwenye mkanda wa ngozi, angalau ngozi haikunjwi palepale kila ukivaa. Ila harufu ipo palepale.

Sasa navaa nailoni. Inakauka nikiwa bado natembea.

#15 Kamanda Mstaafu
Nailoni ndiyo jibu. Ule mkanda wa NATO, mrefu mmoja unaopita chini ya saa, NATO waliutengenezea majeshi yao wote. Pini moja ikikatika, saa inabaki inaning'inia kwenye ya pili. Cheni pini moja ikikatika umeshaaga saa.

#16 Rula na Penseli
Kamanda, heshima yako, lakini si NATO. Ni Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, mwaka 1973, na ulikuwa wa rangi moja tu ya kijivu. Askari aliyeutaka alijaza fomu ya G1098, ndiyo maana wengine wanauita G10. Jina la NATO limetokana na namba ya bohari. Hizi rangi za bendera zilizojaa mitaani zimekuja na wafanyabiashara.

Faida ya pini ni kweli kabisa. Lakini hasara hukuitaja: mkanda unapita chini ya bodi, kwa hiyo saa inapanda juu. Kama saa ni nene tayari, ukiongeza na nailoni chini yake inakuwa mnara. Kwa mkono mwembamba, inayumba zaidi.

#17 Kamanda Mstaafu
Namba ya bohari ya nani? Ya NATO. Basi ni NATO. Nimemaliza.

#18 Babu Ilala
Hahaha mzee kafunga mjadala.

#19 Mpwani wa Muscat
Mimi nipo Oman. Huku kiangazi ukiiacha saa ya chuma kwenye dashibodi usiivae, itakuchapa muhuri. Nimehamia mpira. Ila mpira si mmoja, ndugu zangu. Silikoni ni laini, inavuta vumbi na nyuzi za nguo kama sumaku. Ule mpira wa plastiki wa saa za bei rahisi jasho na unyevu vinaula, unakakamaa, siku moja unakatika kwenye tundu la mwisho. Kuna huu wa FKM, ni wa familia ya mipira ya kuzibia mafuta kwenye injini, haushiki vumbi, hauogopi jasho, unaosha kwa sabuni unavaa. Bei imechangamka lakini ndio niliotulia nao.

#20 Chakubanga_wa_Moro
Mkanda wangu wa plastiki ulikuwa haujavaliwa, upo kwenye droo, nikauchukua ukavunjika mkononi kama biskuti. Haukuguswa na jasho hata tone.

#21 Mpwani wa Muscat
Unyevu wa hewa peke yake unatosha. Ile plastiki inavunjwavunjwa na maji polepole hata ukiiweka kabatini. Ukitaka saa ya kumbukumbu ya mzee, usitegemee mkanda wake wa asili uishi.

#22 Mzamiaji Nungwi
Nimesoma yote, naona hakuna aliyegusa kitu cha maana kwa mleta mada. Tatizo lake si jipya. Sisi tunaopeleka watalii chini ya maji tunalo kila siku: ukivaa saa juu ya suti ya mpira, ukishuka suti inabanwa na maji, mkono unakuwa mwembamba, saa inalegea. Ukipanda, inabana tena. Seiko walilitatua 1975 kwa mkanda wa mpira wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono, unajivuta na kujirudi wenyewe. Rolex nao walikuja na loki ya kuteleza mwaka 2008, unaiongeza au kuipunguza ukiwa umevaa, bila chombo chochote.

Mkono wa ofisini unaovimba mchana ni hadithi ile ile. Usitafute kipimo kimoja. Tafuta kitu kinachobadilika.

#23 Nesi wa Mbali
Asante #22, ndicho nilichokuwa nakisema.

#24 Kichwa Kizito
Kinachobadilika hakizuii saa kuzunguka asubuhi. Bado kichwa ni kizito.

#25 PiniYaSpringi
Wanaotaka loki ya kuteleza: zinauzwa peke yake siku hizi, si lazima ununue cheni nzima. Ila pima upana wa cheni pale inapoishia kwenye loki, siyo kwenye masikio. Cheni ya 22 juu inaweza kuwa 18 au 20 chini. Wateja wananiletea loki isiyoingia kila wiki.

Na mleta mada, nikuulize. Ukivaa, loki inakaa katikati ya tumbo la kifundo au imeenda upande?

#26 MkonoMwembamba
Imeenda upande wa kidole gumba. Kwani ina shida?

#27 PiniYaSpringi
Hapo ndipo penye jibu. Fundi alitoa pingili upande mmoja tu. Loki nayo ni nzito, ikikaa upande inavuta saa nzima kuzunguka. Peleka pingili moja upande wa pili, usitoe chochote.

#28 Rula na Penseli
Napingana kidogo. Kwa wengi upande wa saa sita (ya usoni) unatakiwa uwe mrefu kuliko upande wa saa kumi na mbili? Au kinyume? Nimeona mafundi wawili wakigombana kuhusu hili mbele yangu.

#29 PiniYaSpringi
Wanagombana kwa sababu mikono haifanani. Mwenye mkono wa duara na mwenye mkono bapa hawatakubaliana. Mimi sihesabu, namvalisha mteja, naangalia loki, nahamisha.

#30 Mama Wawili Arusha
Naomba kuingia na la kwangu, maana mnaongea vipimo tu. Mimi sibanwi, mimi nawashwa. Upele chini ya saa, vijipele vyekundu vinalingana na umbo la bodi kabisa. Nikivua wiki vinaisha. Cheni ni ya chuma kisichoshika kutu, niliambiwa hakina nikeli.

#31 Nesi wa Mbali
Aliyekuambia hivyo kakosea, dada. Chuma hicho (316L) kina nikeli zaidi ya asilimia 10, ila imefungwa ndani ya mchanganyiko na inatoka kidogo sana. Wenye mzio mkali wachache bado wanaisikia. Shida kubwa ni saa za kupakwa rangi ya fedha: geuza saa usome nyuma. Ikiandikwa kwamba mgongo tu ndio wa chuma hicho, basi bodi ni madini mengine yaliyopakwa, na jasho likila ule upako nikeli inagusa ngozi moja kwa moja. Ulaya waliweka sheria ya nikeli inayotoka kwenye vitu vya kuvaa tangu 1994, kwa sababu ya hereni na saa.

Lakini kabla hujamlaumu nikeli: unavua saa ukiosha vyombo?

#32 Mama Wawili Arusha
Sivui.

#33 Nesi wa Mbali
Sabuni inabaki chini ya bodi, ngozi inakaa imelowa kutwa. Hiyo peke yake inaleta upele bila mzio wowote. Ivue, kausha, chukua mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo usugue cheni katikati ya pingili. Utakachokiona kikitoka humo utaacha kula. Upele usipoisha nenda kwa daktari wa ngozi akupime.

Mimi kazini Uingereza siruhusiwi kuvaa saa mkononi kabisa, tunabana kifuani kwa pini. Ndio maana nina muda wa kushauri mikono ya wengine.

#34 Mtengeneza Mikanda
Kwenye ngozi pia kuna mzio, dada Arusha usije ukakimbilia huko kichwakichwa. Ngozi nyingi zinalainishwa kwa chumvi za kromi, na wapo wanaowashwa na kromi. Mimi nashona mikanda kwa ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti. Inakuwa ngumu mwanzoni, inachukua rangi ya mvaaji.

Kwa wenye mikono myembamba: mkanda wa kawaida ni mm 75 upande wa bizimu na 115 au 120 upande wa matundu. Kwa sm 16 mkia unazunguka kama kitambi cha mkwe. Agiza mfupi. Na upande wa bizimu unakaa juu, saa kumi na mbili. Naona vijana wanaweka chini.

#35 Babu Ilala
Kitambi cha mkwe ndio nini sasa?

#36 Mtengeneza Mikanda
Uliza mkweo.

#37 Mjukuu wa Mzee Ufunguo
Vipi zile cheni za kuvutika za wazee? Babu yangu alikuwa na saa ya kutia ufunguo, cheni yake unaivuta kama mpira unaingiza mkono mzima, haina loki. Asubuhi, mchana, usiku, haibani. Kwa nini watu wameziacha?

#38 Bodaboda Mbezi
Zinanyonyoa nywele za mkono. Nimemaliza.

#39 Rula na Penseli
Speidel wa Marekani ndio waliozivumisha 1959. Kila pingili ina springi ndani yake. Kwa hoja ya #22 hilo ndilo jibu hasa, na bei yake si ya kutisha. Ila kwa bodi nzito springi inachoka na saa inashuka mpaka kwenye kiganja.

#40 Kichwa Kizito
Mnaona? Tunarudi kwenye uzito.

#41 MkonoMwembamba
Wakuu nimerudi. Fundi alihamisha pingili upande wa pili na kusogeza pini kitundu kimoja. Kuzunguka kumepungua sana asubuhi. Mchana bado inabana, si kama zamani. Jumamosi nikajaribu nailoni ya kuvutika: inakaa vizuri kutwa, siisikii kabisa, lakini na shati la mikono mirefu inaonekana kama bandeji. Bosi akaniuliza nimeumia wapi.

Kwa hiyo cheni wiki, nailoni wikiendi. Bado sijajua ni joto, uzito au loki.

#42 Nesi wa Mbali
Joto.

#43 Kichwa Kizito
Uzito.

#44 PiniYaSpringi
Loki. Na nakudai picha.

#45 Chakubanga_wa_Moro
Saa kubwa hiyo.

#46 Mama Wawili Arusha
Nimesugua cheni kwa mswaki. Nesi, ulisema kweli, sijala mchana. Swali: saa yangu ya pili ya kike nafasi ya mkanda ni mm 12, kila duka naambiwa mikanda inaanzia 14. Naweza kukata pembeni?

#47 Mtengeneza Mikanda
Ya ngozi ndiyo, kata pale kwenye tundu la pini tu, mm moja kila upande, usiguse ushonaji. Ya mpira usikate, itachanika. Au nitumie vipimo nikushonee. Pima kwa ndani ya masikio.

#48 Shoto Damu
Na pini inunuliwe ya 12, msikate pini ya 14. Nimeona mtu kafanya hivyo.